Mkungu wa Kisukari Mnadani

Jumapili iliyopita nilisali Ihanda. Baada ya ibada nikabaki nje kwenye mnada wa sadaka, pale mazao ya waumini yanapouzwa kwa faida ya kanisa. Ulianza mkungu wa ndizi kisukari, umeiva mpaka nyuki wameufuata.

Aliyeutoa alikuwa bwana mmoja mnene, kasimama mbele yangu. Kwaresima hii ameapa kutogusa kisukari, na kwa kuwa harufu ilikuwa inamfuata mpaka chumbani, kaufunga kwenye baiskeli kauleta kwa Mungu.

"Nani anaanza?" akauliza mzee wa kanisa.

Yule bwana akanyoosha mkono.

Mkewe, upande wa akina mama, akapandisha dau. Bwana akapandisha zaidi.

"Baba, si umeapa?"

"Nachangia kanisa, mama! Kuchangia nako dhambi?"

Mama akashinda. Lakini kuupeleka nyumbani ni kurudisha mtihani jikoni, kwa hiyo akafanya kama tunavyofanya huku: akaurudisha kanisani unadiwe tena, akitumaini mtu mwingine atauchukua.

"Haya, mkungu ni uleule," mzee akatangaza akicheka. "Nani anaanza?"

Mkono wa kulia wa bwana ukapaa. Wa kushoto ukaudaka kwenye kiwiko, ukauvuta chini. Ukapaa tena, ukavutwa tena, huku mwenyewe kafumba macho na midomo inasali.

Watu wakacheka, wakasema hana imani. Hao walikuwa wanatazama mkono wa kulia.