Siku Niliyolichemsha Koleo la Awori

Aibu hii ninayo mpaka leo, na nikisikia harufu ya yai bichi nainamisha kichwa.

Mdogo wangu Awori nimemlea kwa chapati ninazouza pale Malaba tangu wazazi wetu wafariki (niliacha shule darasa la sita ili yeye aendelee), na sasa anasomea kutengeneza vifaa vya hospitali. Alikuwa ameunda koleo jembamba kama sindano ya kushonea magunia, la kufanyia upasuaji kupitia tundu dogo, na ncha yake inahisi: ikigusa kitu laini, mpini unatetemeka mkononi kama simu, daktari ajue asibane zaidi. Siku hiyo madaktari wa hospitali moja ya Tororo wangemtazama akilitumia, na wakiridhika wangempa Awori kazi.

Asubuhi, yeye akiwa anaoga, nikaona ncha ina mabaki ya kuku aliyemfanyia mazoezi. Nikajiambia, chombo cha hospitali kinapelekwaje kichafu? Mama alipougua tulichemsha kila kitu, hata vijiko. Basi nikalitumbukiza kwenye sufuria ya chai (bila majani, sikuwa mjinga kiasi hicho), maji yakatokota, nikalipangusa, nikalirudisha kimya kimya.

Ukumbini, mbele ya madaktari, Awori akafungwa kitambaa machoni, abane utando wa yai bichi lililobanduliwa ganda bila kuupasua, akitegemea mtetemo tu. Mimi nipo mstari wa mbele na gomesi yangu, gauni langu la sherehe, napiga makofi hata kazi haijaanza. Yai likapasuka.

"Nimeharakisha," akasema.

La pili likapasuka. Hapo nikajua maji yangu ya moto yameua ule mtetemo, nikanyamaza. La tatu likarukia tai ya daktari mkuu, akafunga daftari lake, ndipo nikasimama nikapayuka, "Si yeye! Mimi nimelipika!"

"Umelipika na nini, mama, na vitunguu?" daktari mmoja akauliza, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Awori hakucheka. Alibaki na kitambaa machoni.

Njiani akaniuliza, "Dada, si ungeniuliza tu?"

"Niliogopa utaniona sijui kitu."

"Na yai la pili lilipopasuka, ulijua?"

Kazi alipewa mwingine.

Sasa anaunda koleo jingine. Juzi aliliacha kando ya jiko langu, nami mikono ikiwa na unga nikatoka mpaka barabarani kumwita, nimuulize kama naruhusiwa kulisogeza. Kulisogeza tu.