Kiwanja cha Nyasi za Plastiki

Watu wakiniuliza vita vilitukutaje, hutaka kusikia habari za mizinga. Mimi huwapa habari za kiwanja cha mpira, wakadhani nawafanyia mzaha. Sina mzaha. Mpaka leo nikiona nyasi za plastiki, hata zile za kuwekwa mlangoni mwa duka, huzunguka nisizikanyage.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Baba yangu alikuwa fundi wa mawe na chokaa, nami, nikiwa na miaka ishirini na miwili, ndiye niliyekuwa mtu wake wa kuchanganya na kubeba. Tulikuwa tumeikimbia Kismayo, tukajibanza kisiwani Kudhaa pamoja na dada yangu, mwenye mimba ya miezi minane. Mumewe alibaki mjini kuilinda nyumba yao, na miezi miwili ilikuwa imepita bila habari zake. Tulitaka kuvuka kwenda Kenya, lakini mashine ya boti yetu ilichukuliwa na wenye bunduki, na dada alikuwa ameapa hatoki bila mumewe. Dada yangu akiapa, ameapa.

Ndipo mkubwa wa wale wenye bunduki alipotuma watu wamwite Baba. Alikuwa amejitwalia nyumba mjini, na nyumba yenyewe ilikuwa ile ya shemeji. Tulipouliza mwenyewe yuko wapi, alitujibu kwa Kisomali, kwa upole kabisa, kwamba amekwenda Mombasa. Kisha akatuonyesha majora manane ya zulia la nyasi za plastiki, yaliyoporwa bandarini. Alitaka kiwanja cha mpira uani, ndani ya ukuta, acheze na wenzake bila kupigwa risasi. Tukikimaliza, mashine yetu tunarudishiwa.

Mimi nilidhani kazi ni kutandika tu, kama mkeka. Baba alinicheka. Nyumba ile ilikuwa upande wa bara, mchanga unapokwisha na udongo mweusi wa kunata unapoanza. Alichimba shimo dogo, akalijaza maji, akalifunika bati. Asubuhi maji yalikuwa palepale. Kwetu visiwani ukimwaga ndoo nzima, mawe yanaimeza kabla hujageuka. Huku mvua moja tu ingeuvimbisha udongo na zulia lingeinuka lote. Basi ilibidi tuuondoe udongo kina cha goti, tumwage kokoto, tushindilie, juu yake mchanga, ndipo zulia. Na kabla ya yote hayo, mfereji wa kutolea maji, chini ya ukuta wa nyuma. Baba alileta wachimbaji wawili kutoka Kudhaa, tukaanza.

Siku ya tatu, kwenye ule mfereji, jembe langu liligusa kitu laini. Niliona kitambaa, kisha bizimu ya mkanda iliyofungwa waya wa shaba. Waya ule niliufunga mimi kwa mikono yangu, siku ya Idi, shemeji akinitania kwamba shemeji mwema angemnunulia mkanda mpya. Nilisimama mle mferejini nikiitazama ile bizimu, na akili yangu ikawa inahesabu majora ya zulia, moja mpaka nane, kisha inaanza tena.

Baba alikuja kuona kwa nini nimesita. Akatazama, akaniangalia usoni, akajua.

"Finika," alininong'oneza kwa lahaja yetu ya visiwani. "Usilie mbele ya wachu hawa."

Walinzi walikuwa watatu, kivulini, wanatafuna miraa na kusikiliza redio. Baba aliteremka mferejini kana kwamba anasawazisha chini. Kwa mikono yake alimlaza mkwewe kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Hatukumwosha. Sanda hatukuwa nayo. Kisha akatutaka sisi watatu tushike kamba ya kupimia, tusimame safu moja nyuma yake. Sala ya maiti haina kurukuu wala kusujudu. Mtu husali amesimama wima. Tukamsalia hivyo, kamba mikononi, Baba akitoa takbira midomoni tu. Mlinzi mmoja akapaza sauti kutuuliza mbona tumeganda.

"Tunapima," Baba akajibu, baada ya kutoa salamu.

Tukamfukia, tukamwaga kokoto, tukashindilia. Siku sita baadaye kiwanja kilikuwa tayari, kijani kitupu, hata mshono mmoja hauonekani. Yule mkubwa alifurahi kama mtoto wa siku ya sikukuu. Aliudunda mpira, akanirushia, akasema fundi lazima afungue kiwanja chake. Nikacheza. Naliandika neno hili tena: nilicheza. Nilifunga hata bao, wakanipigia makofi.

Mashine tulipewa. Njiani Baba alituapisha, mimi na wale wachimbaji wawili, tusimwambie dada. Akijua, alisema, atakaa eda ya mjane, na mwenye eda hatoki nyumbani, sembuse kupanda boti. Na wenye bunduki walishaanza kushuka visiwani. Nilikubali. Niliona ni akili, na ndiyo aibu yangu.

"Wasema yuko Mombasa," Baba alimwambia.

Dada alilia kwa furaha. Akajipaka hina mpaka kwenye vifundo, akavuka nasi akiimba. Siku kumi na moja baada ya kufika kambi ya wakimbizi, Kenya, alijifungua mtoto wa kike, akawa anamuuliza kila anayetoka mjini Mombasa kama amemwona baba wa mtoto. Mimi nilikuwa nikisikia hayo natoka nje ya hema.

Siku ya arobaini ya uzazi Baba alimwambia. Mimi nami, kwa upumbavu wangu, nikaona heri kusema yote, nikasema mpaka habari ya mpira. Dada alivua vipuli, akaomba nguo nyeupe na pembe ya hema akae eda. Wanawake wakamwita mwalimu mmoja mzee wa chuo cha Kurani aje amwelekeze. Mwalimu aliuliza maswali mawili, mume alikufa lini na mtoto alizaliwa lini, kisha akainamisha kichwa. Akamweleza taratibu kwamba eda ya mwenye mimba hukoma anapojifungua. Yake ilikwisha siku arobaini zilizopita. Hana tena cha kukaa.

Dada alimtazama mwalimu, akamtazama Baba, mwisho akanitazama mimi. Hina ilikuwa bado haijamtoka kuchani.

"Nimekaa eda ya mume wangu nikicheka," alisema. "Basi niambieni nyinyi mlioshiriki mambo yake yote: mimi nimlilie siku gani?"