Mzigo wa Dereva wa Kreni

Jirani yangu anaendesha kreni kwenye kiwanda cha chuma, na hata akinywa chai mkono wake wa kulia huvuta gia isiyokuwepo. Siku hizi hajielewi: abaki na pensheni ya kila mwezi mpaka kaburini, au aihamishie mfuko wake binafsi, achukue donge nono sasa hivi?

"Chukua chako mapema, mzee! Ukifa kesho je?" wenzake wanamwambia kwenye klabu ya raga. Asubuhi anakubali, jioni anakataa.

Jana, nikiwa nimeketi kwao, alishika kalamu asaini kuihamisha pensheni. Mkewe, Eirwen, akanyanyua kiganja. "Na hela zikiisha tungali hai, tutatafuna chuma?"

Kazini kwao, yeyote akinyanyua kiganja, kreni husimama na mzigo ukabaki unaning'inia. Kalamu ikaganda hewani. Mzee akanigeukia.

"Sasa, jirani, mzigo huu niushushe wapi?"