Ng'ombe Waliolala kwa Watu

Siku ya kwanza kazini niliripoti Bariadi nikiwa nimevaa viatu vya kisigino, kwa sababu nilidhani nakwenda kukaa ofisini. Daktari wa Mifugo wa Wilaya, mtu mrefu asiyecheka ovyo, aliviangalia viatu vile, kisha akatoa mabuti ya mpira nyuma ya mlango akaniwekea miguuni.

"Leo ni siku ya josho Dutwa," akasema. "Twende."

Ninyi vijana mnaopita kwenye majosho mabovu mkidhani ni makaburi ya zamani, nawaeleza. Josho ni mtaro wa saruji, mrefu na wenye kina, unaojazwa maji yenye dawa ya kuua kupe. Ng'ombe anarukia upande mmoja, anazama mpaka masikio, anaogelea, anatokea upande wa pili akichuruzika. Kupe ndiye anayeleta ndigana kali, na kabla ya majosho ugonjwa huo uliwamaliza ndama wetu kama moto kwenye nyasi.

Njiani Daktari alinipa somo ambalo chuoni sikulipata. "Usimuulize mtu ana ng'ombe wangapi. Ukimuuliza atakudanganya, na wiki ijayo hatakuja. Simama pale wanapotokea, uhesabu kimoyomoyo, maana lazima ujue dawa imepungua kiasi gani."

Tulipofika, wenye mifugo walimsalimia Daktari wakamuuliza bwana mifugo mpya yuko wapi. Akanionyesha mimi. Mzee mmoja mwenye jaketi lililochanika kiwiko alinitazama, akasema kwa Kisukuma kwamba hajawahi kuona bwana mifugo ambaye ni mayu, yaani mama. Watu wakacheka. Kisha yeye mwenyewe akanyoosha mkono kunisalimia. "Mwangaluka, mayu Bwana Mifugo." Jina hilo likanikaa mpaka nikastaafu.

Huyo alikuwa Mzee Masunga. Nyuma yake lilifuata kundi ambalo nilichoka kulihesabu. Wakati wa kurudi nikamwambia Daktari kwamba mzee yule mwenye jaketi bovu kumbe ni tajiri sana.

"Wengi uliowaona si wake," akanijibu. "Na walio wake, wengi hujawaona."

Nilipangiwa kituo hapo hapo Dutwa, nikawa napita vijijini kwa baiskeli, na taratibu nikaelewa. Mzee Masunga aliwagawa ng'ombe wake katika mazizi ya watu. Aliyepewa aliwatunza, akakamua maziwa kwa ajili ya watoto wake, akatumia samadi shambani, na baada ya muda akapewa ndama awe wake kabisa. Mzee naye alitunza zizini kwake ng'ombe wa shemeji zake na marafiki. Hakuna aliyeandika chochote. Nikamuuliza siku moja kwa nini alimpa ng'ombe watatu Sayi, mtu wa ng'ambo ya mto ambaye hakuwa hata ndugu yake.

"Watoto wa Sayi walikuwa hawana maziwa," akasema. "Ulitaka nimpe pole?"

Nilihamishiwa Shishiyu, wilaya ya jirani, nikakaa huko miaka kadhaa nikihasi madume na kukagua ngozi. Niliporudishwa Dutwa, mambo yalikuwa yamegeuka. Neno jipya lilikuwa soko huria.

Sitaki kulisema vibaya tu, maana nililiona kwa pande zote. Wanunuzi wa pamba walikuwa wengi, wengine wakija na malori mpaka kijijini na kulipa taslimu. Nyumba za mabati ziliongezeka, na baiskeli, na redio. Mama aliyekuwa akisubiri malipo ya pamba msimu mzima sasa alinunua sare za shule siku ileile. Lakini idarani kwetu wenzangu wengi walipunguzwa kazi, na Daktari wangu wa zamani akastaafu. Aliyeshika nafasi yake, Afisa Mifugo wa Wilaya, alituita mkutanoni akasema, "Serikali imejitoa kwenye dawa. Anayetaka dawa, duka liko wazi." Josho la Dutwa likakauka. Waliokuwa na fedha walinunua bomba la kunyunyizia. Wasiokuwa nazo walirudi kung'oa kupe kwa vidole.

Katika miaka hiyo ndipo Jilala, mwana wa kwanza wa Mzee Masunga, aliporudi kutoka Mwanza, ambako alifanya kazi kwa mfanyabiashara wa nafaka. Nilikuwa zizini kwa mzee namtibu mtamba mwenye jicho bovu, baba na mwana wakaanza kubishana mbele yangu.

"Baba, naomba fungu langu niuze. Ninunue lori."

"Lori litazaa?"

"Litabeba pamba. Msimu mmoja linaleta kinacholetwa na ng'ombe kwa miaka mingi. Baba, watu wanakuita nsabi, tajiri, na unalala kwenye nyumba ya nyasi inayovuja!"

"Inavuja," mzee alikubali. "Lakini sijawahi kulala humo peke yangu."

Jilala akanigeukia. "Wewe umesoma, Bwana Mifugo. Mwambie."

Nilimwambia mzee ninachokiamini hata leo, kwamba kijana ana haki ya kujaribu maisha ya wakati wake. Mzee akamwonyesha mwanawe ng'ombe wake mmoja mmoja kwa fimbo. Jilala aliwapeleka mnadani, akanunua lori lililotumika, na kwa kweli alifanikiwa. Alijenga Bariadi nyumba ya matofali yenye umeme. Kwa baba yake akawa haonekani.

Soko huria lilikuwa na mlango mwingine. Zamani ng'ombe hakuvuka wilaya bila kibali na ukaguzi wetu. Sasa wafanyabiashara waliwanunua mbali wakawapitisha usiku na mchana, nasi tuliobaki hatukutosha kuwazuia. Kiangazi kimoja Mzee Masunga aliniita. Ng'ombe wake alikuwa amesimama shingo imenyooka, viwiko vya miguu ya mbele amevitanua, akikohoa na kuguna kila anapotoa pumzi. Alipokufa nilimpasua. Kifua kilikuwa kimejaa maji ya manjano, na pafu moja limekuwa gumu lenye mistari kama marumaru. Hiyo ni homa ya mapafu. Nilipanda baiskeli siku ileile kwenda wilayani, kwa sababu nilijua kinachofuata.

Afisa Mifugo wa Wilaya alisema, "Funga kata nzima. Karantini."

"Na chanjo, mkuu?"

"Wizara haina fungu mwaka huu. Wenye ng'ombe wanunue wenyewe, wewe utawachanjia."

Nilikwenda kumwambia Mzee Masunga kwamba ng'ombe hawatatoka zizini kwake, na kwamba asipokee hata mmoja kutoka kwingine. Akauliza kama walio kwa watu watapona. Nikasema wakichanjwa mapema, huenda. Wiki zilizofuata zizi lake lilikwisha mbele ya macho yangu. Tulichimba mashimo, tukazika, tukachimba mengine. Mke wake aliacha kuosha vibuyu vya maziwa, maana havikuwa na kazi. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo pia ng'ombe wa shemeji zake, na mzee aliwatumia wenyewe habari mmoja mmoja, aibu imemjaa kana kwamba yeye ndiye aliyewaua.

Habari ilipoenea kwamba kwa Masunga zizi ni tupu, watu walianza kuja. Walikuja kwa miguu, mikono mitupu, kwa sababu nilikuwa nimekataza ng'ombe kutembezwa. Mwanamke mjane alifika wa kwanza, akapiga goti kumsalimia.

"Mwadila, baba. Yule mweusi wako amezaa jike. Yupo, anakula vizuri."

"Wabeja, mayu," mzee akamshukuru.

Baadaye akaja kijana ambaye baba yake alishafariki. "Baba yangu aliniambia wale wawili wenye mabaka ni wako. Nimekuja usije ukadhani hatujui." Mzee hakuwa na habari kwamba kijana yule anajua. Wakaja wengine, siku hiyo na siku zilizofuata. Nimewahi kuona watu wakikusanyika kudai. Kukusanyika ili kukubali kwamba kitu si chao, nilikuwa sijawahi kuona.

Ndipo lori la Jilala likaingia uani. Alikuwa amesikia baba yake ameishiwa, amekuja kumchukua akaishi naye mjini. Aliona watu wale wamekaa, uso ukabadilika.

"Hawa wote wanakudai nini, baba?"

"Hawanidai. Kaa chini."

Alikaa, akasikiliza. Walipoondoka, mzee alimweleza anachotaka: chanjo iletwe kwa lori lake na kwa fedha yake, ng'ombe wote wa vijiji vile wachanjwe.

Jilala alisimama. "Wote? Baba, wengine hao si wako. Nani atanirudishia?"

"Ugonjwa hauchagui wangu na wao. Wakipona wa jirani, wangu watapona."

"Hiyo fedha ni ya matairi na ya msimu wa pamba. Nikiitoa, lori linalala."

"Najua ninachokuomba," mzee akasema. "Sina kingine cha kukuomba tena."

Jilala alitembea mpaka kwenye lori, akaegemea bodi kwa muda, amefumba macho. Nilidhani atawasha aondoke. Akaniita.

"Bwana Mifugo, barafu inakaa muda gani kabla dawa haijaharibika?"

Aliendesha mpaka Mwanza, akarudi na chanjo kwenye maboksi ya barafu. Tukapita kijiji kwa kijiji, mimi na bomba la sindano, Jilala akishika mikia, maana chanjo hii huchomwa kwenye ncha ya mkia. Mzee alikaa mbele kwenye lori. Kila zizi tulilofika, mwenye nyumba alimvuta Jilala pembeni: "Huyu ni wenu. Na huyu, na yule ndama." Katika nyumba moja tulimkuta binti anayesomea uuguzi, ambaye ada yake ilitokana na ndama aliopewa baba yake kwa kutunza. Nilimwona Jilala akimtazama yule binti, kisha akamtazama baba yake kupitia kioo cha lori, akionekana kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake mwenyewe na wageni.

Ng'ambo ya mto tukamkuta Sayi. Zizi lake lilikuwa na ng'ombe wazuri.

"Wa mzee ni wepi hapa?" Jilala akauliza.

Sayi aliangalia chini. "Hapa hakuna ng'ombe wa Masunga. Wale walishakufa zamani."

Mimi nilikuwa nimewatibu wale ng'ombe kwa mikono yangu, niliwajua na uzao wao. Jilala alitupa kamba. "Huyu tusimchanjie!"

"Chanja," sauti ikatoka ndani ya lori.

"Baba, anakukana mchana kweupe!"

"Nimesikia, sijawa kiziwi. Watoto wake bado wanakunywa maziwa. Chanja, Bwana Mifugo."

Nikachanja. Sayi alisimama pale muda wote, hakusema asante, hakuinua uso. Tulipovuka mto kurudi, niliona machozi yakishuka kwenye mashavu ya mzee. Jilala akamwambia asihuzunike, ng'ombe watatu watapatikana.

"Nimempoteza rafiki," mzee akasema. "Ng'ombe nimeshazoea kuwapoteza."

Ugonjwa ulikoma. Lori la Jilala lililala msimu ule kama alivyosema, ikamchukua muda mrefu kusimama tena. Karantini ilipoondolewa watu waliwarudisha ng'ombe, mzee akachukua wachache wa maziwa, waliobaki akawaacha walipo. Alifariki miaka kadhaa baadaye. Sayi hakuja msibani. Wanawe walikuja, wakachimba kaburi na vijana wengine.

Mimi nilimalizia kazi mjini, Bariadi ilipokuwa imeshakuwa makao makuu ya mkoa. Nina pensheni, nina nyumba ya mabati na bima ya matibabu, na sitamdanganya kijana yeyote kwamba vitu hivi havina thamani. Nilipofanyiwa upasuaji, fedha ndiyo iliyoniokoa. Ila nimekaa na matajiri wa namna zote mbili, na naona kila mmoja anatafuta kitu kilekile: siku atakapoanguka, asikute hakuna anayejua kwamba alikuwapo. Mzee Masunga alikiweka kitu hicho ndani ya watu. Sisi tunakiweka benki na kwenye hati za viwanja, ambako kiko salama dhidi ya mtu kama Sayi, lakini hakitakuja uani kwetu kwa miguu yake.

Mwaka jana Jilala alinitembelea. Amezeeka, ana nyumba za kupangisha, na alikuwa amenunua ng'ombe ili awagawe kama baba yake. Alizunguka vijiji vilevile. Mmoja alimwambia watoto wako shule, hakuna wa kuchunga. Mwingine alimwambia malisho yote yamelimwa. Wa tatu alitaka mkataba na mshahara, na Jilala mwenyewe alisema hawezi kumlaumu.

"Nina ng'ombe, mayu," akaniambia. "Nimekosa wa kumpa."

Nilimwambia aniletee mmoja, nina uwanja nyuma ya nyumba na majani ya kukata barabarani. Alimleta mwenyewe, akimvuta kwa kamba katikati ya bodaboda.

Jioni ile niliwaita wanangu, na jirani yangu mmoja awepo, nikawaambia kwamba ng'ombe huyu na watakaozaliwa ni wa Jilala, mwana wa Masunga. Mwanangu wa kwanza, ambaye ni mwanasheria, akauliza kama tumeandikishana mahali popote.

"Hatujaandikishana," nikamwambia. "Ndiyo maana nimewaita."