Injini Iliyopashwa Kabla ya Wageni

Baba mkubwa alipiga simu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na mpaka leo hakubali.

Nilikuwa nimemwomba kitu kimoja tu: twende kijiji cha Susuni alfajiri, bila taarifa, tuikute pikapu ya dizeli niliyotaka kuinunua ikiwa na baridi yake ya usiku. Fundi mmoja wa mtaa wa Bomani alikuwa ameniambia kwamba injini ya dizeli ikiwa moto huficha ugonjwa. Sikumwamini moja kwa moja, maana mafundi nao wana maneno, nikasoma kila nilichokipata kwenye simu. Walioandika wote walikubaliana naye. Ukitaka kuijua dizeli, iwashe ikiwa baridi.

Na mimi gari nililitaka kwa kazi ya alfajiri: kubeba ndizi kutoka mashambani na kuzifikisha soko la Tarime kabla wachuuzi hawajapanga meza. Gari lisilowaka saa kumi na moja, kwangu mimi ni banda la kuku. Akiba yangu yote ya kufundisha kwa mkataba ilikuwa inaishia pale. Ajira nilishachoka kuisubiri. Nikikosea, narudi kukaa nyumbani na shahada yangu ukutani.

Lakini baba mkubwa, ambaye tangu baba yangu afariki ndiye anayesimama mahali pake, alisema mtu haendi kwa mtu kama polisi.

"Hata ng'ombe, unapeleka habari kwanza. Wenyewe wanapika chai, ng'ombe anafungwa karibu, mnaongea."

"Na kama anaumwa, wanapata muda wa kumficha."

"Chuo kimekuharibu wewe."

Akapiga simu. Tukafika saa nne, chai iko mezani.

Mwenye gari alikuwa mzee aliyeendesha malori ujana wake wote, sasa macho yake yamepungua nguvu na amebaki na shamba. Aliitikia shikamoo yangu vizuri, kisha akanisahau. Habari zote za gari alimweleza baba mkubwa, kana kwamba mimi nimekuja kumbebea mfuko. Nilikunywa nusu kikombe, nikainuka, nikaenda kuweka kiganja juu ya boneti.

Moto.

"Mzee, gari limetoka safari?"

"Halijatoka. Nimelipasha kidogo tu. Mgeni hakaribishwi kwa kitu baridi."

"Basi nitasubiri lipoe."

Akamgeukia baba mkubwa, akimwita kijana kwa Kikurya. "Mura, huyu binti umemtoa wapi? Ni wa usalama?"

Baba mkubwa alicheka kicheko cha aibu. Mimi sikucheka.

"Dizeli haipoi kama uji, mwanangu," mzee akasema. "Ukitaka ipoe kweli, ni mpaka kesho."

"Basi naomba kulala."

Nilijua ninachoomba. Pale nilipozaliwa, mgeni aliyefika mchana akiomba kulala hakuna wa kumwambia hapana, hata kama hapendwi. Adabu ileile iliyompa mzee muda wa kupasha injini ilikuwa inanipa mimi kitanda. Walitaka tufuate taratibu, basi tuzifuate zote.

Mke wa mzee ndiye aliyejibu, akiwa anaosha vikombe. "Kitanda kipo. Atalala chumba cha binti zangu."

"Asante, mama. Na ufunguo wa gari nilale nao."

"Ufunguo wa gari langu?" Mzee alisimama.

"Sitalipeleka popote. Nisije nikaamka nikakuta limejiwasha lenyewe."

Mama aliangua kicheko mpaka akaweka kikombe chini. "Mpe, wewe. Kama halina kitu, unaogopa nini?"

Alinipa. Hakuniangalia usoni.

Baba mkubwa alinifuata nyuma ya nyumba. "Umemwita mzee mwongo nyumbani kwake, mkewe anasikia."

"Sijamwita chochote. Nimeomba kulala."

"Nani atakuoa wewe?"

"Asiyepasha injini."

Aliondoka. Hata hivyo hakurudi Tarime. Alilala hapohapo, kwa hasira, kwa sababu yangu. Nalijua hilo na nalihesabu kwa upande wake.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba, na boneti ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mikono yangu nayo ilikuwa baridi. Kuuliza ni rahisi. Ugumu ni kukaa kwenye usukani wakati jibu linakuja, na watu watatu wamesimama na blanketi mabegani wakisubiri uaibike.

Nikapiga stata. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikanyamaza. Nikarudia. Ikakohoa tena. Mara ya tatu ikashika kwa kishindo, ikatoa moshi mweupe uliofunika banda na kuwatimua kuku. Niliiacha ingurume. Nilishuka, nikainua boneti, nikafungua kifuniko cha oili, nikasogeza uso. Hakuna moshi uliosukumwa kutoka ndani, dalili kwamba injini haijachoka. Kidogo kidogo ule mweupe wa nyuma ukakatika, mlio ukatulia.

"Plagi za kupashia injini ya baridi," nikasema. "Zimekufa."

"Mbili," mzee akajibu. "Zilizobaki ni nzima. Injini yenyewe haina neno."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Ningesema, ungekuja?"

"Ningekuja. Ni plagi, mzee, si moyo. Kilichonitisha ni hicho ulichokuwa unaficha, kwa sababu sikukijua."

Hapo akafanya jambo ambalo hakulifanya siku nzima ya jana: alinisogezea kiti. Tulirudi kwenye bei, sasa tukiongea mimi na yeye. Akatoa kwenye bei gharama ya plagi na ya fundi. Tulipofika kwa mtendaji wa kijiji, nilisaini kama mnunuzi, na baba mkubwa akasaini kama shahidi, kalamu ikikwaruza karatasi kwa nguvu.

Kwenye ukoo habari hii inasimuliwa kama aibu: msichana aliyelala kwa watu asiowajua, ufunguo chini ya mto, akimshuku mzee wa watu. Baba mkubwa huisimulia hivyo hivyo, na kila mara anaruka sehemu ya moshi. Nimeacha kumsahihisha. Pia sikwenda kuomba radhi: waliponitaka niende, niliwauliza nikaombe radhi ya nini.

Plagi ziko mpya. Saa kumi na moja mtaa wetu umelala, umande uko juu ya boneti, na mimi sipashi kitu kwa ajili ya mtu. Nageuza ufunguo. Inawaka mara ya kwanza, kwa kelele, na majirani wanalalamika. Walalamike. Ndizi zinasubiri Susuni.