Waliniua Kwenye Foto ya Mutoto Wangu

Nilijua kama nimekufa siku ya Alhamisi, saa ine ya asubuhi, mu hoteli moja ya Lilongwe, nikiwa na andazi mu mukono.

Sitanii.

Foto ya binti yangu Gabriella ilikuwa imetundikwa kwenye ukuta, ndefu kuliko mulango. Hana viatu. Nguo imepasuka bega. Chini yake bameandika Kingereza.

"Banasema nini pale?" nikamuuliza.

Gabriella akasoma polepole. "'Zuri, yatima. Musaidie asome.'"

Zuri? Jina ya wapi hiyo? Na mi mwenye nilimuzaa, mi Odette mushonaji wa kambi ya bakimbizi ya Dzaleka, mutu wa Uvira, nani alinizika?

Ngoja niwaeleze vile ilianza.

Miezi sita mbele ya siku ile, shirika moja la bazungu liliingia kambini kutafuta batoto ba kupewa bourse, feza ya masomo, basomeshwe université. Bakasema: lete mutoto, atapigwa foto.

Sisi Bakongomani ukitutajia foto, hautuite mara mbili. Foto njo inatumwaka nyumbani, ndugu baone kama ungali muzima. Hausimame mbele ya kamera kama mutu ametoka kulima.

Babu yangu alilimishwa pamba kwa lazima kule Ruzizi. Mbele ya Mubelgiji wa shamba alisimama bila viatu, ule Mubelgiji njo alitaka hivyo. Uhuru ilipofika mwaka wa sitini, kitu ya kwanza babu alifanya ni kununua viatu, akatembea mpaka Uvira kupigwa foto. Hiyo njo damu yetu.

Basi nikashona robe, gauni ya bluu, siku mbili, shingo ya dantela, ile lesi. Soksi nyeupe. Viatu vyeusi nikavipaka rangi mpaka vikang'aa.

Gabriella akasimama, akapigwa foto, akapendeza. Nikajua tumemaliza. Mara Théophile akatuvuta pembeni. Théophile njo alikuwa mutafsiri wao, mutu wa Fizi, tunaimba naye kwaya moja.

"Mama Gabriella, unamuharibia mutoto. Madamu wa shirika anataka nyingine, bila viatu, na nguo ya nyumbani."

"Madamu mwenyewe amesema?"

"Amesema. We unataka bourse ao unataka défilé ya nguo?"

Viatu vikavuliwa. Foto ya pili ikapigwa.

Sasa pale hoteli, Gabriella alipaswa kusema neno la shukrani mbele ya bageni, kisha mukubwa wa shirika asaini bourse yake. Bila ile sahihi hakuna université, hakuna karatasi ya kutoka kambini, mutoto atazeekea kwenye mashini yangu ya kushona. Nilijua hiyo vizuri sana.

Lakini na mi niko na kichwa yangu. Nikamufuata Madamu, Théophile mbio nyuma yangu.

"Mwambie mama ya ule yatima iko hapa," nikasema. "Anauliza alikufa na ugonjwa gani."

Théophile akatabasamu, akasema Kingereza kidogo. Madamu akanishika mikono yote mbili, furaha imemujaa.

"Papa Théo," Gabriella akasema, "mama hakusema aksanti."

Akamwambia Madamu yeye mwenyewe, swali yangu na mambo ya viatu, Kingereza safi, sauti ya kusikika na bageni bote. Batu bakaacha kutafuna.

Madamu akawa mwekundu. Gabriella akanitafsiria maneno yake: eti yeye hakuomba mutu avue viatu. Théophile njo alirudisha mutoto vile, akasema hivi njo tunaishi.

Tukamugeukia Théophile.

"Mama Gabriella, niko nabo miaka munane. Hakuna siku balichagua mwenye viatu."

Kikulacho kiko mu nguo yako. Mukono wangu uliwasha kumupiga kofi.

Lakini Gabriella alikuwa hajamaliza. "Madamu, foto zote mbili zilikuwa kwenye meza yako. Mbona ulichukua hii? Na hiyo 'yatima', nani aliandika?"

Madamu akaangalia chini. Akasema bageni banaguswa zaidi na ile.

Mukubwa wa shirika akaingilia, kalamu mu mukono. Tumalize sherehe, mengine tutaongea kesho.

"Foto ishuke kwanza," Gabriella akasema. "Kisha usaini."

Kalamu ikarudi mu mufuko.

Siwadanganye, moyo ulinianguka. Nilitaka kumwambia mutoto, nyamaza, omba msamaha. Nikaona haya. Nikaenda kwenye ukuta niishushe foto, kamba zake ziko juu sana.

Mulinzi wa mulango, Mumalawi, akaleta ngazi. Hakuna mutu alimutuma.

"Zikomo, amayi," akanishukuru na luga yao, kama vile mi njo namusaidia. Akapanda mwenyewe, akafungua.

Tukaikunja Zuri yao, tukaiacha kwenye meza ya keki.

Njiani kurudi kambini nilimutukana Théophile. Yuda. Kibaraka. Mutu mweusi mwenye kuuza beusi benzake. Gabriella aliniacha mpaka nikachoka.

"Mama, Papa Théo hakunigusa. Madamu hakunigusa. Ulipiga magoti we, ukafungua kamba za viatu. Na ile bega ya nguo, ulipasua na makasi yako."

Ni kweli.

Kule juu niliandika "viatu vikavuliwa", kama vile vilijivua vyenyewe. Nilikuwa naona haya mbele yenu.

Nikamuomba mutoto wangu msamaha, naye akanipa.

Bourse haikuya mpaka leo. Gabriella anafundisha bamama ba kambi Kingereza, na anaandika maombi pengine. Inauma, sisemi haiumi. Hajajuta hata siku moja.

Ndugu zangu, mukoloni alirudi kwao zamani. Kazi yake ya kutuvua viatu alituachia sisi wenyewe, na mi niliifanya siku moja, tena bila mushahara.

Nimeacha ile kazi. We unangoja nini?