Swichi Mbili za Hamadi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ingawa ningeomba niisahau. Ni siku ya harusi yangu, hapa hapa Bagamoyo, miaka ile amplifaya, mashine ya kukuza sauti, ilikuwa kitu cha kukimbiliwa na watu kwenda kuitazama.

Kaka yangu Hamadi alikuwa fundi wa redio, tena fundi kweli, sitamnyima haki yake. Kwa ajili ya harusi yangu aliunda amplifaya ya betri ya gari. Kwa mbele aliweka bati la aluminiamu, akalisugua likang'aa kama sinia la Idi. Juu ya bati hilo akapanga swichi nne nyeusi, zote sawa, zimebanana katikati kama meno ya kitana. Moja ya kuwashia, moja ya santuri, moja ya maikrofoni ya wanaume waliokaa barazani, na ya mwisho ya maikrofoni ya wanawake ndani, maana baada ya nikaha wanawake walikuwa waimbe kasida.

Mama alipoiona aliinama, akaigusa kwa kidole kimoja. Kidole kikagusa swichi mbili.

"Hamadi, mbona umezibananisha? Mimi chumvi na sukari ni rafu mbalimbali, na makopo si ya namna moja. Alfajiri sina taa, mkono ndio unaotazama."

Hamadi akacheka. "Mama, haya si mambo ya jikoni. Hivi ndivyo zinavyokaa zile zinazotoka Ulaya."

"Na huko Ulaya wana vidole vya watoto?"

Hamadi akaendelea kukaza skrubu zake. Bati lilikuwa na nafasi tele kushoto na kulia, mwanangu, tupu kabisa, lakini yeye alitaka lipendeze. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba wakati mwingine guu linalovunjika ni la mtu mwingine.

Mchumba wangu aliitwa Abeid, mtu wa Mlingotini. Tangu mwanzo sikumtaka. Nililia, nikanuna, nikakataa kula, kama ilivyokuwa desturi ya wasichana wasioulizwa. Basi siku ya nikaha, kabla baba hajaingia kuniuliza kama nimeridhika, somo yangu, Bi Mwanaidi, aliyenilea na kunifunda, alinivuta pembeni. Wenzetu walikuwa wanapiga vigelegele chumba cha pili. Tulikaa karibu na ile maikrofoni, na hakuna aliyeijali. Kwetu sisi ilikuwa chuma kilicholala.

"Sema nami kweli," akaninong'oneza. "Usije ukamdanganya Mungu."

Wakati huo huo, barazani, sheikh alikuwa tayari kwa hotuba. Hamadi akapeleka kidole kufungua maikrofoni ya wanaume. Akafungua yetu.

Nikasema, "Somo, mimi simtaki. Wananioza tu."

Sauti yangu ikatoka kwenye spika, ikaenda barazani, ikaenda mpaka barabarani; sisi ndani, kwa vigelegele vile, hatukuisikia. Hamadi akashtuka, akaizima pale pale. Na hapo ndipo aliponiua, maana mimi nilikuwa naendelea kusema: "Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema. Lakini siku walipoleta sanduku la nguo nilichungulia dirishani, nikamwona anampangusa mama yake matope miguuni mbele ya rafiki zake, wala haoni haya. Tangu hapo namtaka mwenyewe."

Maneno haya aliyasikia Bi Mwanaidi peke yake.

Nilisimuliwa baadaye kwamba ami zake Abeid walisimama waondoke. Yeye akatazama mkeka, akasema, "Kaeni. Siwezi kumwaibisha mzee wa watu barazani kwake." Baba akaja kuniuliza, macho mekundu, nami nisijue kwa nini. Nikajibu kwa moyo wangu wote, "Nimeridhika, baba." Akadhani ni utii tu. Na barazani wote wakadhani hivyo hivyo.

Abeid hakunitukana hata siku moja. Alinilisha, akanivisha, tukazaa. Lakini alikaa nami kama mgeni anayeogopa kuchafua mkeka wa watu. Nilimwapia. Bi Mwanaidi alimwapia. Alikuwa akiitikia, "Sawa, mke wangu," kisha anachukua kofia yake anatoka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na Abeid kila nilipotaja mapenzi aliona nyoka.

Hamadi alitoboa bati jipya, swichi zikaachana upana wa vidole vitatu, ya wanawake akaitia kifundo kikubwa chekundu. Akaniletea nione. Sikuinua uso. Marekebisho yale yalifika kwenye bati, hayakufika nyumbani kwangu.

Abeid alipokuwa anakata roho nilimsimulia tena habari ya matope na miguu ya mama yake. Akanishika mkono. "Mke wangu," akasema, "mimi nilisikia kwa masikio yangu."

Ndiyo maneno aliyoniachia. Ninayo mpaka leo, na machungu yake hayajapungua.

Basi mwanangu, ukitengeneza kitu cha kuguswa na watu, usikitengenezee jicho la anayekisifu. Kitengenezee mkono wa mtu mwenye haraka. Vitu viwili ambavyo kimoja kikichukuliwa badala ya kingine mtu ataumia, usiviweke bega kwa bega wala usivipe sura moja. Nafasi haigharimu kitu. Na anayekuonya akiwa na unga mikononi, msikilize kabla hujacheka. Tena ukisikia neno la mtu likakatika njiani, usijengee nyumba juu ya nusu hiyo. Nenda ukaitafute nusu iliyobaki, na ukiletewa, iamini.

Mungu akupe kidole kisichokosea. Na akupe mwenza atakayekusikiliza mpaka umalize.